Mashine ndogo ya kuvulia fomula: mwongozo kamili wa sehemu zinazoendelea, kutoka Wete

Kabla hujafungua kompyuta, chukua daftari uandike sehemu hizi nne: 3/1, 11/4, 49/18, 261/96. Zigawe kwa kikokotoo cha simu. Utapata 3, halafu 2.75, halafu 2.7222, halafu 2.71875. Aliyewahi kukutana na e, ile namba ya 2.718281828..., ataona zinaelekea wapi.

Sehemu hizi nilizipata hapa Wete, usiku mmoja umeme umekatika na betri ya kompyuta mpakato imebaki robo, kwa programu ya mistari kama thelathini. Kompyuta ilinipa dai tu. Kilichonikesha ni kule kulithibitisha kwa kalamu, na ndiko ninakotaka nikufikishe. Anayeishia pale kompyuta inaposema "zimelingana" ameiacha nusu tamu ya kazi.

Wazo la mashine hii si langu. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Technion, mjini Haifa, walitangaza programu waliyoipa jina la Srinivasa Ramanujan, yule Mhindi (1887–1920) aliyejaza madaftari fomula, nyingi bila kuandika uthibitisho wake. Mwaka 2021 kazi yao ilichapishwa katika jarida la Nature. Programu yao inatafuta fomula za namba kama e na π zilizo katika umbo la sehemu inayoendelea, kisha inawaachia watu wazithibitishe. Mbili kati ya walizotoa ni hizi:

e/(e − 2) = 4 − 1/(5 − 2/(6 − 3/(7 − ...)))

4/(3π − 8) = 3 − 1·1/(6 − 2·3/(9 − 3·5/(12 − 4·7/(15 − ...))))

Zote mbili utazivua mwenyewe kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza kwa mkono

Sehemu inayoendelea ni sehemu ambayo asili yake, yaani namba ya chini, imebeba sehemu nyingine, na hiyo nayo imebeba nyingine, kama sufuria za seti zilizopangwa moja ndani ya nyingine, ila hizi hazina ya mwisho. Kwa jumla huandikwa hivi:

a0 + b1/(a1 + b2/(a2 + b3/(a3 + ...)))

Wanafunzi wangu wote huanza kuikokotoa kutoka chini kwenda juu. Jawabu hutoka, lakini ukitaka kuongeza hatua moja unaanza upya. Njia nzuri ni jedwali la kutoka juu. Kila mstari una kiasi, yaani namba ya juu (p), na asili (q), na kanuni ni moja kwa vyote viwili: *mpya = a mara iliyotangulia, jumlisha b mara iliyotangulia hiyo.* Mistari miwili ya kuanzia ni 1/0, kisha a0/1. Usiogope ile sifuri chini; ni ya kuanzishia tu.

Tuchukue a = n + 3 na b = −n, yaani 3 − 1/(4 − 2/(5 − 3/(6 − ...))).

n = 1: kiasi 4×3 − 1×1 = 11, asili 4×1 − 1×0 = 4.
n = 2: kiasi 5×11 − 2×3 = 49, asili 5×4 − 2×1 = 18.
n = 3: kiasi 6×49 − 3×11 = 261, asili 6×18 − 3×4 = 96.
n = 4: kiasi 7×261 − 4×49 = 1631, asili 7×96 − 4×18 = 600.

Usirahisishe 261/96 kuwa 87/32. Ukirahisisha, jedwali linavunjika, na utapoteza kitu tutakachokihitaji baadaye.

Vifaa

Unahitaji Python, basi. Ni ya bure, unaipakua mara moja kwa bando dogo, na baada ya hapo hakuna haja ya intaneti. Kompyuta yoyote inayowaka inatosha, na hata simu ya Android ina programu za kuendeshea Python. Andika hii:

```
from decimal import Decimal, getcontext
from itertools import product
getcontext().prec = 50

def thamani(a, b, hatua):
    p0, q0 = 1, 0
    p1, q1 = a(0), 1
    for n in range(1, hatua + 1):
        p0, p1 = p1, a(n)*p1 + b(n)*p0
        q0, q1 = q1, a(n)*q1 + b(n)*q0
    if q1 == 0:
        return None
    return Decimal(p1) / Decimal(q1)

print(thamani(lambda n: n + 3, lambda n: -n, 30))
```

Ni jedwali letu lilelile. Hatua 30 zinakupa e sahihi kwa zaidi ya desimali 35. Kama hukuipata, kagua nafasi za mwanzo wa mistari kabla ya kingine chochote, maana Python inazihesabu.

Kutega dema

Sasa hatuijui fomula, tunaitafuta, kama mvuvi anavyotega dema, mtego wake wa samaki. Tunatega pande mbili. Upande mmoja tunakusanya maumbo yote ya (p + q·e)/(r + s·e) yenye namba ndogo, tukayaweka kwenye kamusi kwa thamani zake zilizokadiriwa. Upande wa pili tunakokotoa maelfu ya sehemu zinazoendelea, na kila moja tunaiuliza kamusi: je, unaijua thamani hii? Kuuliza kamusi ni kitu cha papo hapo, ndiyo maana kazi haichukui siku nzima.

```
e = Decimal(1).exp()
kamusi = {}
for p, q, r, s in product(range(-4, 5), repeat=4):
    if p*s == q*r:
        continue
    v = (p + q*e) / (r + s*e)
    kamusi.setdefault(round(v, 10), (p, q, r, s))

k = range(-3, 4)
for c, d, f, g, h in product(range(6), range(6), k, k, k):
    a = lambda n: c + d*n
    b = lambda n: f + g*n + h*n*n
    x, y = thamani(a, b, 60), thamani(a, b, 61)
    if x is None or y is None:
        continue
    if abs(x - y) > Decimal(10)**-15:
        continue
    if round(x, 10) in kamusi:
        print(c, d, f, g, h, kamusi[round(x, 10)])
```

Mistari miwili inastahili maelezo. Sharti la p*s == q*r linatupa maumbo ambayo e inajifuta yenyewe, kama (2 + 2e)/(1 + e), ambayo ni 2 tu. Na kule kulinganisha hatua ya 60 na ya 61 kunatupa sehemu ambazo hazijatulia: nyingine zinarukaruka, nyingine zinatambaa polepole mno. Miongoni mwa hizo zimo fomula halali kabisa, lakini dema hili si lao.

Ukiiendesha, utakuta kati ya majibu mstari huu: 3 1 0 -1 0 (0, -4, -4, 0). Mara ya kwanza nilidhani ni kosa. Soma taratibu: a = 3 + n, b = −n, na upande wa pili (0 − 4e)/(−4 + 0), ambayo ni e. Kamusi huweka umbo la kwanza lililopatikana, na hesabu yetu ilianzia −4, basi ndivyo linavyotoka. Pia utakuta 1 1 0 1 0, ambayo ni 1/(e − 2) = 1 + 1/(2 + 2/(3 + 3/(4 + ...))), ya siku nyingi vitabuni. Na 4 1 0 -1 0 ndiyo ile ya Technion.

Bahati na uongo wa desimali

Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza nilikadiria kwa desimali sita tu, nikapata kurasa za "fomula", nikaichagua iliyopendeza nikaipeleka darasani. Mwanafunzi wa nyuma akaikokotoa kwa desimali kumi. Haikuwa kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha siku ile, na nilimshukuru mbele ya wenzake.

Fanya hesabu hii kabla hujaamini chochote. Upande wa sehemu tuna 6×6×7×7×7 = 12,348. Upande wa kamusi tuna 9×9×9×9 = 6,561. Jozi ni kama milioni 81, namba ya tarakimu nane. Ukikubali kulingana kwa desimali nane, basi bahati peke yake inatosha kukuletea jozi. Kumbuka 355/113: inalingana na π kwa desimali sita nzima, na haina siri yoyote ya milele ndani yake. Desimali kumi ni chujio la kwanza tu. Kila kilichopita, kikokotoe tena kwa hatua 200 ukilinganisha desimali 30. Kinachovuka hapo karibu hakika ni kweli, lakini bado ni dai.

Uthibitisho

Rudi kwenye daftari, tazama asili peke yake: 1, 4, 18, 96, 600. Zitazame kweli, usizipite. 4 ni 2×2, 18 ni 3×6, 96 ni 4×24, 600 ni 5×120. Hizo 1, 2, 6, 24, 120 ni faktoria, yaani 1, 1×2, 1×2×3 na kuendelea; ya n huandikwa n!. Kwa hiyo asili ya mstari wa n ni (n+1)·(n+1)!. Ndiyo maana nilikukataza kurahisisha.

Kwamba itaendelea hivyo daima ni mstari mmoja wa kazi. Kanuni ya jedwali inasema asili mpya ni (n+3)·n·n! − n·(n−1)·(n−1)!. Kile cha pili ni (n−1)·n!. Toa n! nje: n!·(n² + 3n − n + 1) = n!·(n+1)², ambayo ni (n+1)·(n+1)!. Imekwisha.

Sasa zidisha mkato sehemu zinazofuatana: 11×1 − 3×4 = −1. 49×4 − 11×18 = −2. 261×18 − 49×96 = −6. Inayofuata ni −24. Kila mstari unazidisha uliotangulia kwa n, kwa sababu b ni −n. Basi pengo kati ya sehemu mbili zinazofuatana ni n! ugawe kwa asili zao mbili, na baada ya kukata, linabaki 1/(n(n+1)(n+1)!). Kwa namba: 1/4, 1/36, 1/288, na kuendelea. Sehemu yetu yote ni

3 − 1/4 − 1/36 − 1/288 − ...

Na kila pengo linapasuka vipande vitatu:

1/(n(n+1)(n+1)!) = 1/(n·n!) − 1/((n+1)(n+1)!) − 1/(n+1)!

Jaribu n = 1: 1 − 1/4 − 1/2 = 1/4. Sawa. Ukijumlisha mapengo yote, vipande viwili vya kwanza vinakatana mstari kwa mstari na kuacha 1. Cha tatu kinakusanya 1/2! + 1/3! + 1/4! + ..., ambayo ni e − 2, maana e ni 1 + 1 + 1/2! + 1/3! + ... Jumla ya mapengo ni 1 − (e − 2) = 3 − e, na 3 − (3 − e) ni e.

Usiku ule nilisoma mistari hii mara tatu kwa sauti. Dai la kompyuta limekuwa ukweli wa kudumu, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha sita anaimudu.

Majirani zake

Usiondoke bado. Fomula moja ikipatikana, bisha hodi kwa jirani. Weka b = −n palepale, ubadilishe namba ya kuanzia tu:

kuanzia 2: e/(e − 1)
kuanzia 3: e/1
kuanzia 4: e/(e − 2)
kuanzia 5: e/(6 − 2e)
kuanzia 6: e/(9e − 24)
kuanzia 7: e/(120 − 44e)

Ile ya 5 ilikuwamo ndani ya dema letu lakini haikuchapishwa, kwa sababu 6 imezidi mpaka wetu wa 4. Mimi niliipata kwa kuhisi kwamba haiwezekani familia ikatike katikati. Asili zinafuata kanuni: chukua e, toa asili iliyotangulia ikizidishwa na 1, halafu 2, halafu 3. Kwa mfano e − 3(e − 2) = 6 − 2e, na e − 4(6 − 2e) = 9e − 24.

Tazama namba zilizosimama peke yake, bila ishara: 1, 1, 2, 6, 24, 120. Faktoria tena. Zilizoshikana na e ni 1, 0, 1, 2, 9, 44. Hizi nazo zina maana yake. Watu wanne wametoka msikitini gizani, na kila mmoja amevaa ndara ambazo si zake. Inaweza kutokea kwa njia ngapi? Tisa. Watu watano: 44. Watatu: 2. Mmoja: 0, maana hana wa kukosea naye. Niliwapa wanafunzi swali la ndara kwanza, wakalihesabu kwa ndara za kweli zilizopangwa mlangoni mwa darasa, ndipo nikawaonyesha jedwali la kompyuta. Darasa lilinyamaza.

Kuhamia kwenye π

Badala ya mstari wa e weka:

```
e = Decimal("3.14159265358979323846264338327950288419716939937510")
```

Endesha. Utapata 1 2 0 0 1 (-4, 0, 0, -1), yaani 4/π = 1 + 1²/(3 + 2²/(5 + 3²/(7 + ...))), fomula kongwe. Ile ya 3π − 8 haitatokea, kwa sababu ya ile 8. Panua kamusi iwe range(-8, 9). Sasa kamusi ina maumbo 83,521 na jozi zimevuka bilioni moja, basi desimali kumi hazitoshi tena: kadiria kwa 14 pande zote, na hatua za 60 na 61 zifanye 100 na 101. Kupanua dema bila kuongeza desimali ni kujiletea takataka. Kati ya majibu utakuta 3 3 0 1 -2. Hiyo ndiyo.

Je, ni mpya?

Mara nyingi, hapana. Hata madai ya Technion, baadhi yalithibitishwa na wasomaji muda mfupi baada ya kutangazwa, na mengine yalionyeshwa kuwa yanatokana na kazi za zamani. Lisikuvunje moyo, kwa sababu yapo mambo makubwa kwenye njia hii hii. Mwaka 1978 Mfaransa Roger Apéry alithibitisha kwamba jumla 1 + 1/8 + 1/27 + 1/64 + ..., ambayo ni 1.2020569..., haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili, na kazi yake inabeba sehemu inayoendelea ya aina hii hii. Kwa namba ya Catalan, 1 − 1/9 + 1/25 − 1/49 + ... = 0.915965..., hakuna aliyeweza hilo bado. Fomula nzuri ya kutulia haraka inaweza kuwa mlango.

Ukipata kitu, andika daftarini mipaka ya dema lako, desimali ulizokagua, na tarehe. Kisha anza na jedwali, kama tulivyofanya.

Tufanye hivyo kwa ile ya π, ambayo a = 3 + 3n na b = n − 2n². Asili zake ni 1, 6, 48, 486, 5946. Nilizitazama siku mbili, hazikusema neno. 5946 ni 6×991, na 991 haigawanyiki. Siku ya tatu, tumekaa barazani na karafuu zimeanikwa majamvini mbele yetu, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Maalim, na viasi je?" Viasi ni 3, 17, 135, 1365, 16695. Vigawe kwa 1, 1×3, 1×3×5, 1×3×5×7, 1×3×5×7×9, kisha zidisha kila kimoja kwa 3. Unapata 9, 17, 27, 39, 53. Tofauti zake ni 8, 10, 12, 14. Yaani n² + 7n + 9.

Kutoka hapo pindua sehemu yote, juu chini, ili viasi viwe asili, na upime mapengo kama tulivyopima ya e. Pengo la kwanza ni 6/17 − 1/3 = 1/51. Yanayofuata nakuachia wewe, na jumla yake, pamoja na ile 1/3 ya mwanzo, lazima itoke (3π − 8)/4.